Nguo za Kiraia, Seti Moja

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mnene uliolazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha Fundi, tena umelazwa vibaya: aliyekaa mwisho wa kushoto akiinuka ghafla, wa kulia anakwenda chini na kahawa yake. Kwa hiyo hapo kijiweni hakuna anayeondoka bila kuaga, na wengi huona kuaga ni kazi kubwa kuliko kubaki. Wenyewe ni wanne. Yupo Fundi, anayeshona mlango ukiwa wazi ili asipitwe na neno. Yupo Kinyozi, ambaye kiti chake kiko ng'ambo ya barabara na wateja wake wamezoea kumwita kwa mluzi. Yupo Redio, mlinzi wa ghala zamu ya usiku, ambaye asubuhi badala ya kwenda kulala huja kutangaza habari. Na yupo Wakili, ambaye hajasomea sheria hata dakika moja, ila alikuwa tarishi wa mahakama kwa miaka ishirini na miwili, na mafaili yote aliyoyabeba kwapani anadai yalimwingia mwilini. Pembeni yao, nyuma ya jiko la mkaa na birika, anakaa Shemeji, anayewauzia kahawa. Wanamwita hivyo kwa sababu mumewe, Katibu, alikuwa mtu wa tano wa benchi hilo mpaka siku walipokuja kumchukua.

Hiyo siku sasa ina miaka kumi na miwili. Katibu alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa karakana ya reli. Tangi la mvuke lilipasuka pale karakana, watu wakaungua, na taarifa rasmi ikasema wamekufa wanne. Jioni yake Katibu akapanda juu ya pipa getini akasoma majina. Alisoma majina kumi na tisa, polepole, jina la mtu na jina la baba yake. Hao kumi na tano waliozidi ndio walioitwa uchochezi. Akafungwa miaka mitatu. Miaka mitatu ilipotimia, alifunguliwa geti, akapiga hatua kama nane hivi kuelekea kwa mkewe aliyekuwa amesimama ng'ambo ya lami, akakamatwa upya kabla hajafika katikati ya barabara. Safari hiyo hakuna aliyejisumbua kutaja idadi ya miaka.

Sasa, Jumanne hii asubuhi, kulikuwa na barua. Ilikuwa imefika jana yake, karatasi moja yenye mhuri, na Wakili alikuwa ameishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika picha mbichi.

— Soma tena, — akasema Redio.

— Nimesoma mara sita. Kwani huu ni mpira, unataka marudio?

— Soma, bwana. Mara nyingine neno linajificha.

Wakili akakohoa kimahakama. — "Unatakiwa kuwasilisha nguo za kiraia, seti moja, pamoja na viatu, za mfungwa mwenye namba iliyotajwa hapo juu. Ziletwe getini siku ya Alhamisi kabla ya saa nne asubuhi. Atakayechelewa hatapokelewa." Nukta. Mhuri. Saini kama nywele ya mtoto mchanga.

— Anatoka, — akasema Redio, akapiga paja. — Imekwisha hiyo. Katibu anatoka! Mtu haambiwi alete nguo za mtu asiyetoka.

— Hapo ndipo unapokosea, ndugu yangu, — akasema Wakili. — Mtu anayetoka huandikiwa hati ya kutoka. Hii siyo hati, hii ni wito wa nguo. Mimi nimeyaona haya. Hakimu hapendi kuona sare ya jela mbele yake, inamharibia siku. Wakitaka kumpandisha mtu kizimbani wanamvisha kwanza. Hii ni kesi mpya.

— Kesi gani mpya? Mtu yuko ndani miaka kumi na miwili, amefanyia wapi kosa jipya?

— Kosa halikosi nafasi.

— Mnazunguka bure, — akasema Kinyozi. — Ni picha. Kuna watu huko nje wameuliza, huyu mtu yuko hai au hayuko hai? Sasa wanataka kumkalisha kwenye kiti, shati safi, nyuma pazia, gazeti la leo mkononi. Paa! Picha. Halafu wanamvua, anarudi alikotoka. Kuna watu wamewahi kuja kunyolewa kwangu kwa ajili ya picha za namna hiyo. Mmoja aliletwa na askari wawili. Nilimnyoa vizuri, nikampaka poda shingoni, wakamrudisha.

Shemeji alimimina kahawa kwenye vikombe vitatu. Alikuwa na kawaida ya kuwaacha wapigane. Wanaume hawa walikuwa wakimjadili mumewe kila siku ya Mungu, na watu walioacha kabisa kumtaja walikuwa wengi: chama chake, wakubwa wa karakana, hata kaka yake wa kuzaliwa, ambaye alihama mtaa akabadilisha na jina la ukoo. Benchi hili halikuacha. Kwa hiyo hata waliposema upuuzi aliusikiliza upuuzi wao kwa shukrani.

Redio hakuwa mtu wa kukubali kushindwa na picha.

— Nyinyi hamjui kilichopo. Ngojeni niwape habari yenyewe. Katibu hayuko jela.

— Eh!

— Hayuko! Miaka minne sasa. Alitolewa kwa mlango wa nyuma, yuko kwenye nyumba moja ya ghorofa, ana bustani, ana mpishi, wanamwomba ushauri. Kila jambo kubwa lililofanyika hapa katikati ni akili yake. Kwani ile barabara ya lami ilijijenga? Sasa wanataka kumtoa hadharani kama waziri. Waziri wa kazi! Lakini hawawezi kumtoa na nguo za kule alikokuwa, watu watauliza kazipata wapi. Inabidi zitoke kwa mkewe. Mmeona akili hiyo?

— Ana mpishi halafu hana shati, — akasema Wakili.

— Ni siasa, bwana, huwezi kuelewa!

— Na mimi nikwambie, — akadakia Kinyozi, ambaye sasa alikuwa amepata moto, — kama ni hivyo basi watakuwa wawili. Mmoja wa kweli, mmoja wa kufanana naye. Wa kufanana naye ndiye anayehitaji nguo, kwa sababu wa kweli hawawezi kumvisha. Nani angemvisha kwa nguvu? Siku ile walikuja askari sita, sita! Wakashindwa. Mlango huu hapa alikuwa anainama kupita. Nilimwona kwa macho yangu akinyanyua kipande cha reli peke yake akakiweka begani.

— Kipande? Reli nzima! — akasema Redio.

— Alikuwa pande la mtu, — akasema Fundi kutoka ndani, kwa sauti ya mtu anayesali.

Shemeji akaweka birika chini.

— Maiti pia huvishwa, — akasema.

Hakuna aliyemtazama. Ng'ambo ya barabara mteja alipiga mluzi, Kinyozi hakusikia. Redio alikitazama kikombe chake kana kwamba kuna maandishi ndani.

Ni Wakili aliyepata la kusema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakukohoa kabla ya kusema.

— Viatu, Shemeji. Tazama hapa, wameandika viatu. Mtu wa kubebwa na wenzake, viatu vya nini? Anatembea. Wangekuwa wana habari nyingine wangeandika shuka.

— Wameandika viatu, — akarudia yeye.

— Wameandika. Kwa mashine, siyo kwa mkono.

Shemeji alikwisha kulifikiria hilo yeye mwenyewe, jana, kwa muda wa saa tatu, na alifika hapo hapo kwenye viatu. Lakini kulisikia likitoka mdomoni mwa mtu mwingine ni tofauti. Akainama akavuta mfuko wa karatasi chini ya kigoda chake, akatoa viatu vya Katibu, vyeusi, vya kamba, vilivyopigwa rangi leo alfajiri karibu mpaka chini ya soli, akaviweka juu ya tofali karibu na jiko vipate joto kidogo. Viatu ndivyo pekee vilivyobaki. Suti yake waliichukua, wakaipasua bitana kutafuta karatasi, ikawa kielelezo namba nne, na kielelezo namba nne hakikurudi. Mashati yalikuwa manne. Hayo alikuwa akilala nayo yeye, moja kwanza, likiisha harufu anachukua la pili, mpaka harufu ikaisha katika yote, halafu na vitambaa navyo vikaisha. La mwisho lilichanika mgongoni miaka mitano iliyopita wakati anajigeuza. Alilia siku hiyo kuliko siku ya hukumu, na hakumwambia mtu, kwa sababu angeanzaje kueleza kwamba analilia shati?

— Nguo zitakuwepo, — akasema Fundi. — Zitakuwepo, Shemeji. Hilo niachie mimi.

Na kweli kitambaa kilikuwa mezani tangu alfajiri: mita nne za kijivu, kizuri, ambacho Fundi alikuwa amekificha juu ya kabati kwa miaka kadhaa akisema kinangoja mtu wake. Sasa alikuwa amekitandaza na kukichora kwa chaki. Mistari ilianzia ukingo huu wa meza ikafika ukingo ule.

— Usije ukakosea, — Wakili akamwonya. — Nakwambia kitu nilichokiona mimi, siyo cha kuambiwa. Nguo zikiletwa getini wanamjaribisha humo ndani. Zikimkataa, hakuna neno la "nenda kabadilishe". Nilimwona mtu mmoja suruali ilimbana, hakuweza kufunga kifungo. Wakaandika "nguo hazikupatikana". Alipanda kizimbani na sare, mkewe yuko nje na suruali mkononi.

— Kaka, unamfundisha samaki kuogelea? Katibu nimemshonea mimi suti ya harusi. Mwili ule naujua kama kiganja changu. Kifua inchi arobaini na nne, kiuno thelathini na nane, mguu huu hapa — akapiga rula juu ya meza — na bado nimempunja.

— Muongeze, — akasema Redio. — Mabega yale!

Hapo ndipo alipoingia msichana mmoja, mgeni kabisa, begi mgongoni na sketi mkononi. Zipu ya sketi ilikuwa imetoka nje ya reli yake. Alisema shikamoo mara moja kwa wote, akaitikiwa kwa mafungu, akasimama mlangoni akingoja Fundi anyanyue kichwa. Fundi hakunyanyua. Msichana akatazama meza, kichwa kikafuata mistari ya chaki kutoka mwanzo hadi mwisho.

— Samahani, Fundi. Hii ni suruali ya mtu au pazia la ukumbi?

Kinyozi akacheka kahawa ikamtoka puani. Fundi akanyanyua kichwa.

— Binti, hii ni suruali ya mtu ambaye wewe ulipozaliwa watu walikuwa wanamsimamia akipita.

— Sawa, baba. Nauliza tu.

— Ya Katibu, — akaeleza Redio, akanyoosha mkono juu ya kichwa chake kuonyesha kimo, na mkono ukaendelea kupanda. — Mume wa Shemeji huyu hapa. Jemadari! Wamemfunga miaka kumi na miwili kwa kusoma majina ya marehemu. Keshokutwa anapelekewa nguo.

Msichana alimgeukia Shemeji, akakunja magoti kidogo. — Pole, mama.

— Ahsante, mwanangu. Karibu kahawa.

Alikaa ukingoni mwa benchi, upande wa kulia, kwa kuwa hakujua. Akapokea kikombe. Macho yake yakatua kwenye tofali, juu ya vile viatu vyeusi vilivyokuwa vinameremeta kando ya jiko.

— Na hivi? — akauliza.

— Vyake, — akasema Shemeji.

— Vya huyo huyo?

Wote wakavitazama. Viatu vile walikuwa wameviona tangu vinatolewa mfukoni, lakini hakuna aliyekuwa amevitazama. Redio alinyoosha shingo. Kinyozi aliinuka kidogo, benchi likatikisika, akaketi tena. Vilikuwa viatu vidogo. Mtu asiyejua angedhani ni vya mvulana wa shule.

Wakili akakichukua cha kulia, akakigeuza soli juu, akasoma. — Thelathini na nane.

— Labda miguu yake ilikuwa midogo kwa mwili wake, — akasema Kinyozi. — Wapo watu hivyo. Simba mwenyewe ukimtazama…

— Thelathini na nane ndiyo ninayovaa mimi, — akasema msichana.

Hapo Shemeji akaanza kucheka. Alianza kwa kujikaza, mkono mdomoni, kisha mabega yakaanza kutikisika, kisha akashindwa. Alicheka mpaka akashika kigoda. Hawakuwa wamewahi kumsikia akicheka hivyo, na Redio akauliza kwa woga kama kuna mtu wa kumpepea.

— Mfupi! — akasema alipopata pumzi. — Mume wangu ni mfupi, jamani! Mimi namzidi kidole. Siku ya harusi nilivaa ndala ndani ya gauni ili tulingane. Mlango huu ainame, anainamia nini? Hata akiruka hagusi!

— Lakini reli… — akasema Kinyozi.

— Reli alikalia. Alikuwa na maumivu ya mgongo, akakalia reli akala chapati yake. Wewe ulikuwepo!

— Na wale askari sita?

— Walikuwa wawili. Alitoka mwenyewe, akauliza kama anaweza kuchukua miwani.

Fundi alikuwa amekwisha panda juu ya kigoda anapekua kabati. Vumbi likamwagika. Akatoa daftari la jalada gumu, la zamani, kurasa zimevimba kwa unyevu, akafungua, akapitisha kidole. Alipofika mahali kidole kikasimama. Akasoma kwa sauti iliyopungua kila neno.

— Katibu wa karakana. Suti ya harusi. Kifua thelathini na nne. Kiuno ishirini na tisa. Mguu… — akaacha. — Jamani. Nilimpima kwa mikono yangu hii.

Hakuna aliyemcheka. Kila mmoja alikuwa anajaribu kumrudisha mtu wa kweli kwenye ubao ule, na mtu wa kweli alikuwa anakataa kuja. Nafasi yake ilikuwa imekaliwa na lile jitu walilolijenga wenyewe, neno moja moja, kila asubuhi, kwa nia njema. Wakili ndiye aliyesema:

— Shemeji, miaka yote hii unatusikiliza. Kwa nini hukutukatisha?

Angejibu nini? Kwamba walipomfanya mrefu alionekana kutoka mbali? Kwamba mtu mfupi mwenye mgongo mbovu, anayeuliza miwani yake, nani angemkumbuka kwa miaka kumi na miwili? Na lipo jingine, ambalo alilitambua hapo hapo akiwa bado anafuta machozi ya kicheko, na likamkata: kwamba siku hizi hata yeye, akimfikiria mumewe akiingia mlangoni, anainua macho. Anainua! Yeye, aliyekuwa akiinamisha uso kidogo kwenye kichwa cha yule mtu na kunusa sabuni kwenye nywele zake. Wamemchukua, na baada ya kumchukua wakamwachia nafasi tupu ya kutosha kukosea hata kimo chake.

— Nilipenda mlivyokuwa mnamsema, — akajibu tu.

Fundi akafuta mistari yote kwa kiganja, kijivu kikawa na ukungu mweupe. Akachukua tepu shingoni.

— Basi tumepata. Bahati tumeuliza kabla ya mkasi. Thelathini na nne, ishirini na tisa. Kitambaa kitabaki cha kumshonea na kizibao.

— Samahani, Fundi, — akasema msichana. — Hilo daftari ni la lini?

— La harusi yao. Miaka… ishirini na mmoja?

— Sasa hivi yukoje?

— Yukoje vipi?

— Mwili. Nani amemwona mara ya mwisho?

Wakatazamana. Kisha, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kutazamwa, wakamtazama Shemeji.

— Mimi, — akasema. — Miaka saba iliyopita. Dakika kumi.

— Alikuwa amekonda? — akauliza Fundi. — Amekonda kiasi gani? Niambie kama fulani, nitakadiria.

— Sikumwona mwili. Kuna dirisha, dogo hivi — akaonyesha, upana wa sinia — wanafungua unaonekana uso. Nyusi mpaka kidevu. Huku chini ni bati. Meno mawili ya mbele hayakuwepo, akawa anaongea kwa kujifunika. Mimi… — Akachochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa. — Mimi zile dakika nilimweleza habari za paa linavuja. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengine kabisa. Nikamweleza paa. Dirisha likafungwa sijamwambia hata fundi bati alisema nini.

Redio alivuta kamasi kwa kelele akasingizia moshi.

— Sawa, — akasema Fundi kwa upole. — Tutafanya hivi. Kifua na kiuno nitaacha akiba ya kitambaa ndani, vidole vitatu kila upande. Kukonda nakujua, nimewapunguzia nguo watu wengi. Unene unakwenda unarudi. Lakini urefu hauna wasiwasi. Mtu mzima hapungui urefu. Mguu wa daftari ndio mguu.

Shemeji akaacha kuchochea mkaa. Kulikuwa na jambo alilokaa nalo miaka minne, tangu mtu mmoja aliyetoka huko alipokuja kumtafuta, akakaa mahali hapo hapo alipokaa msichana huyu, akanywa vikombe vitatu bila kufungua mdomo, na kwenye kikombe cha nne akaufungua. Hakulileta benchini. Alijua wangeligeuza. Wangemfanya Katibu akivunja ukuta kwa mabega.

— Kuna chumba kule, — akasema, — wanakiita kabati. Ukisimama kichwa kinagonga, ukilala miguu haifiki. Unakaa umejikunja tu, mchana na usiku, na pingu za miguu. Yule mtu aliyeniletea habari alikaa siku kumi na nne, na nilimwona anavyotembea. Alikuwa anatembea kama anayetafuta kitu alichodondosha.

Akanyoosha kitambaa cha kufutia vikombe, kilichokuwa kimenyooka.

— Katibu walimweka miezi minane. Walimwambia aandike kwamba walikuwa wanne. Aandike tu, wanne, atie saini, atoke. Akasema yeye anawajua kumi na tisa. Kila mwezi wanafungua wanamuuliza, wangapi? Anawaambia. Wanafunga.

Wakili alikuwa bado ameshika kiatu. Akakirudisha juu ya tofali, taratibu, akakisogeza kilingane na mwenzake. Hakutaja kifungu chochote. Miaka ishirini na miwili ya mafaili kwapani, na ndani yake yote hamkuwa na kifungu cha kabati.

Fundi alisimama, chaki mkononi, juu ya kile kijivu.

— Sasa mguu niukate wapi? — akauliza.

Aliuliza kama fundi, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Hakuwa na nia ya kumuumiza mtu. Lakini swali lilikaa pale. Kinyozi alitazama barabara. Redio, mtu ambaye hajawahi kukosa habari hata ya kutunga, alifuta ukingo wa kikombe chake kwa kidole. Msichana aliyeuliza la kwanza alitazama miguu yake mwenyewe. Birika lilikuwa tupu, na hakuna aliyekuwa amegundua lilivyokwisha.

Shemeji akainuka. Akaingia ndani ya kibanda, jambo ambalo si kawaida yake, akasimama mbele ya meza, akalaza kiganja juu ya kitambaa, kilichokuwa na ubaridi mzuri.

— Kata kama kwenye daftari. Urefu wote. Lakini chini usikunje.

— Nisikunje? Ataikanyaga, Shemeji.

— Iache wazi. Nitaikunja mwenyewe, akishavaa.

— Wapi?

— Popote watakaponionyesha. Nitapiga magoti, nitamkunjia mpaka pale mguu utakapoishia. Ukiishia juu, nitakunjia juu.

— Watakwambia usubiri nje, — akasema Kinyozi kwa sauti ndogo. — Siku zote si wanakwambia usubiri nje?

— Wamenisubirisha nje miaka kumi na miwili, nami nikasubiri kwa sababu sikuwa na la kuwajibu. Sasa wameandika wenyewe, kwa mashine, kwamba wanataka nguo. Nguo haijaisha, fundi ni mimi. Safari hii nina kazi ndani.

Wakili alikohoa. Ilikuwa dhahiri anataka kusema jambo kuhusu sindano na kanuni za getini. Kinyozi akamkanyaga mguu, kwa nguvu, na Wakili akabaki na kikohozi chake.

Fundi akainama juu ya meza. Akachora mstari mmoja wa chaki, mfupi kuliko yote aliyoichora asubuhi ile, akachukua mkasi. Msichana alikuwa ameacha kikombe na sketi yake benchini, amesimama mbele ya ubao wa misumari ambako Fundi hutundika mabunda ya nyuzi, anapitisha kidole.

— Niteremshe upi, mama?

— Wa kijivu, — akasema Shemeji. — Mrefu.